Ngazi ya Kumi na Moja

Kitanda cha nne, Jumanne, saa moja asubuhi.
Mashine inainywa damu yako, Rudaina,
inaiosha, inakurudishia.
Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki,
mikono inanuka maganda.
Nimeuza machungwa hapa Mansura tangu sina ndevu,
na mwanangu wa pekee amekatazwa chungwa.

Ndivyo mambo yalivyo figo zikilala.
Potasiamu ya matunda mawili matatu
yaweza kuusimamisha moyo
kama trafiki anavyousimamisha mkokoteni wangu darajani,
ila huyu hapokei kitu kidogo.

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Yako niliiona kwenye mrija:
nyepesi, rangi ya rozela
ambayo mama yako ameichuja mara ya tatu.
Hemoglobini saba nukta moja.
Ngazi za nyumba yetu ni kumi na tisa.
Kwenye ya sita unaketi,
unajifanya unafunga kamba za viatu.
Viatu vyako havina kamba.

Sindano ya kuiamsha damu ulichomwa,
mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Uboho ukawa kama mwanafunzi aliyeitwa jina
akatazama dirishani.
Ndipo Daktari Nashwa, mwenye sauti ya mtu asiyelala,
akachora duara nyuma ya risiti yangu ya ushuru wa soko.
"Hii ni chembe nyekundu. Ndani yake mna chuma.
Mashine inamwokoa mtoto, lakini inarusha cheche.
Cheche zinaila ngozi ya chembe,
chembe inapasuka kabla ya siku zake."
Nikasema: Daktari, hiyo ni kutu.
Akanitazama kidogo.
"Haya. Tuseme kutu."

Kutu naijua.
Ekseli ya mkokoteni naipaka mafuta kila Ijumaa,
nisipoipaka hulia mpaka mnara wa saa.
Kwa hiyo nilipoiona vitamini E,
tone la dhahabu ndani ya ngozi laini,
sikuhitaji kuelezwa tena.
Ya pili ilikuwa C, nyeupe, ndogo,
imekatwa nusu kwa kisu cha mama yako,
maana ikizidi, alisema daktari, huacha mawe mwilini.
Nikauliza: C ndiyo ipi?
"Ile iliyomo kwenye machungwa."

Nilicheka, Rudaina. Muuguzi akageuka.
Ninachokisukuma kwa gunia kutwa nzima
wewe unapewa kwa punje,
bila utamu, bila maji ya kutosha kukimezea.

"Siahidi," alisema daktari.
"Wengine hupanda. Wengine hukaa pale pale."

Wiki ya nne: saba nukta tatu.
Wiki ya nane: saba nukta tatu.
Mama yako akaacha kuuliza,
akawa ananisoma namna ninavyovua kofia mlangoni.
Wiki ya kumi na mbili: nane nukta sita.

Sijui ni lile tone, ni sindano, au ni sala za Inshirah,
ambaye tangu hapo anapika huku anagombana na redio.
Najua Abanoub wa kitanda cha tano
alimeza vidonge vile vile, saa zile zile,
na damu yake haikusikia.
Baba yake alinipa mkono. Akaniambia mabruki.
Nilimpa mfuko wa machungwa kwa watoto wake wengine,
kisha nikaona haya njia nzima.

Chini ya mto wako kuna ganda.
Nimeliona, muuguzi ameliona,
sote wawili tumetazama saa.
Nusa, mwanangu. Kunusa hakupimwi maabara.

Jioni ulipanda.
Ya sita ukaipita bila kuitazama.
Ya tisa ukashika ukuta.
Ya kumi na moja ukaketi, pumzi juu juu,
nami nikaketi kando yako,
mfuko wa dawa katikati yetu.
Jirani akashuka, akatusalimu, akasubiri tusogee.
Hukugusa kiatu.
"Nimechoka," ukamwambia. "Napumzika."