Safu ya Wageni

Daftari ni langu. Nililipiga mistari mwenyewe
kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne:
namba, jina, sahihi, zaka,
na pembeni kabisa safu nyembamba: mgeni.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi,
jumuiya yetu husali ukumbini mwa nyumba ya kupanga,
Vingunguti, vyumba tisa, choo kimoja.
Tukiwa katikati ya Salamu Maria
mpangaji hupita na kopo lake la maji,
"samahanini jamani," tunakunja miguu,
anapita, tunaendelea na saa ya kufa kwetu.

Kwa hiyo msinieleze habari za kufunga mlango.
Mlango wenyewe hatuna. Tuna mkeka.

Zabroni alikuja wakati wa masika,
shati la mikono mirefu hata joto likizidi,
akasinzia kwenye somo, akaamka kwenye chai.
Nikamwandika mgeni.
Wiki ya pili, mgeni.
Wiki ya kumi na nne kalamu bado inaandika mgeni,
kana kwamba ana basi la kuwahi.

Kisha kikapu cha sadaka kikapungua elfu nne na mia tatu.
Hakuna aliyesema kitu.
Macho ndiyo yaliyosema, na yangu yalisema kwa sauti.
Nani alichukua? Sijui hadi leo.
Naandika hivyo kwa sababu mngependa niseme si yeye.

Mwenyekiti Pankrasi akakohoa:
"Nyumba ya Mungu iko wazi, lakini hata kanisa lina mlinzi.
Waliotoa zaka miaka ishirini tutawaambia nini?
Mgeni siku mbili, siku ya tatu..."
Akanyamaza. Methali ilikuwa imemgeukia mkononi.

"Malizia," akasema Mama Skolastika,
hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.
"Siku ya tatu apewe nini?"
"Jembe."
"Basi mpe."

Jembe letu ni zamu. Kila jina daftarini
lina Jumamosi yake ya kutupokea.
Nikamuuliza jina la baba. "Andika hilohilo moja."
Namba ishirini na tatu, Zabroni.
Sikupenda. Mwandiko wangu pale umelala upande,
njooni muutazame.

Zamu yake ikafika mwezi wa nane.
Akatuongoza ng'ambo ya reli hadi kwenye pagale,
tofali hadi usawa wa dirisha, bati hakuna,
mpapai umeota palipokusudiwa sebule.
Alikuwa amefagia. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mchangani,
tukaona haya kuikanyaga.

Pa mlango palikuwa na uwazi tu, upana wa mlango.
Ng'ombe aliyetoroka machinjioni angeingia.
Sisi tukasimama nje, watu kumi na tisa na rozari zetu,
mpaka Mama Skolastika akagonga tofali kwa kidole cha pete:
"Hodi."

Nimeishi mjini hapa miaka thelathini na mmoja,
sijasikia neno likikaa hewani muda mrefu vile.

"Karibuni," akasema Zabroni.
Akarudia, kama anayeonja chumvi: "Karibuni ndani."

Chai haikuwepo. Ndoo ya maji, vikombe viwili.
Tukanywa kwa kupokezana, Pankrasi wa mwisho.

Nikafungua daftari gotini.
Namba ishirini na tatu: yupo.
Wageni: kumi na tisa.