Kipimamwanga cha Elfu Thelathini na Tano

Mama Khaitsa alirudi na picha mkononi,
akaiweka mezani pangu, karibu na chai.
"Kanzu ya mwanangu naiona," akasema,
"meno ya mkwe wangu nayaona.
Mimi nipo wapi?"

Nikamtafuta. Pale alipokaa, chini ya turubai,
palikuwa na shimo lililovaa gomesi.

Kamera ya marehemu mjomba
jicho lake la kupimia lilikufa zamani,
nami nilikuwa nakisia, kama mpishi anayeonja kwa macho:
jua kali, kumi na sita; wingu, nane;
chini ya turubai, Mungu anajua.
Na filamu siku hizi inamshinda kuku kwa bei.

Jumatatu nikashuka kwa Wamimbi,
fundi redio wa Barabara ya Kumi, hapa Mbale,
mwenye sanduku la vitu visivyo na wenyewe.
Akanitolea viwili.

Cha kwanza kipya, kioo cha namba,
laki tatu na nusu, na betri yake
huagizwa Kampala, ikija.
Nikakirudisha taratibu, kama mtoto wa watu.

Cha pili kidogo kama kipande cha sabuni,
mkanda wake wa ngozi umeliwa na mende,
usoni vijicho vingi kama sega la nyuki.
Hakili betri; hula mwanga wenyewe.
Na kile kikombe cheupe cha plastiki kipo? Kipo.
Niliuliza mara mbili.
"Elfu tisini."
Sikujibu.

Nikakifunika kwa kiganja: sindano ikalala sifuri.
Vema. Haioti ndoto gizani.
Nikakigeuzia miamba ya Wanale, saa sita mchana,
ikaruka kama mbuzi aliyeona mhogo.
Nikakilaza, nikakisimamisha, nikakitikisa kidogo,
nisije nikanunua sindano inayokwama njiani.
Nikakilinganisha na simu ya kijana wa Wamimbi,
juani, kivulini, mlangoni:
kila mahali kilisoma pungufu, nusu hatua, nusu ileile.

"Kinadanganya," nikasema, ili bei ishuke.
Ikashuka.
Moyoni nilijua: mwongo asiyebadili uongo wake
ni shahidi. Mgongoni mwake nimeandika kwa wino:
ONGEZA NUSU.

Mengine nilijifunza kwa kuharibu.
Ukikielekeza kwa bwana harusi, kanzu hukipigia kelele,
nacho kwa woga hukwambia, ziba tundu,
na walio kivulini wanazama.
Ukikielekeza kwenye uso mweusi, hukwambia, fungua,
fungua zaidi, mpaka uso unageuka majivu.
Si ubaya wake. Waliokitengeneza walikifundisha
kwamba dunia nzima ni kijivu.

Basi kivishe kile kikombe, nusu ganda la yai,
nenda kwa miguu yako mpaka shavuni pa mtu,
ukigeuze kitazame kamera ilikobaki.
Hapo hakiulizi wewe ni mweusi kiasi gani.
Kinauliza umeangukiwa na mwanga kiasi gani.

Mwezi wa nane nikamwita Mama Khaitsa. Bure, nikasema,
naye akanitazama kama mtu anayedaiwa.
Alikuja na gomesi ileile. Akakaa barazani,
mvua ikining'inia mlimani, haijaamua.
Nikasogeza kikombe shavuni pake. Akashtuka.
"Unanipima homa?"
"Mwanga, mama."
"Nina ngapi?"

Nikasoma. Nikaongeza nusu.
Sekunde moja kwa sitini, tundu la nne.
"Ndiyo nyingi hiyo?"
"Inakutosha."

Akakaza mshipi wa gomesi, akapangusa magoti,
akaniambia safari hii
nisiwe na haraka.