Zamu ya Kukohoa

Msimu wa karafuu, mie na marehemu Faki
tulilala uani, kurunzi mkononi,
kulinda majamvi mawili.
Mwizi wa karafuu hana haya: huja na polo,
huondoka na sare za watoto na bati la jikoni.
Tulikohoa kwa zamu, ajue tuko macho.

Leo majamvi hayapo. Kipo kisanduku cheupe
alichokileta Mbarouk kutoka Maskati,
kakiweka juu ya kabati, chini ya saa,
taa tatu za kijani, zinapepesa usiku kucha.
"Mama, neno la siri ulibadilishe."
Nikasema nitalibadilisha,
kama nilivyosema nitaziba pengo la ukuta wa choo.
Neno lenyewe: moja, mbili, tatu, mpaka nane.

Ndipo vijana wakaanza kuja barazani kwangu.
Baada ya isha, saba, wanane, migongo ukutani,
nyuso zimepiga buluu kwa mwanga wa simu.
Nikamwambia jirani: unaona, Faki kafa
lakini nyumba yake haijakimbiwa na watu.
Nikawapelekea kahawa na kashata.
Wakasema ahsante bila kuinua vichwa.

Bando la mwezi likawa linakufa tarehe kumi na mbili.
Mjukuu wangu Zuwena, kidato cha nne,
anafungua somo la kemia, kiduara kinazunguka,
kinazunguka, kama ngamia wa kinu cha ufuta.
Nami nalaumu mnara. Nalaumu mvua za vuli.

Kisha akaja sheha, na askari kutoka Wete mjini,
na karatasi. Mwanamke wa Konde kaandikiwa
kwamba mwanawe kalazwa Dar, atume pesa za dawa.
Katuma laki tatu. Mwana mzima, yuko kazini.
Na ujumbe (askari kageuza karatasi)
umetokea nyumba hii.

"Intaneti hii ni yako?"
Yangu.
"Na aliyetuma?"

Nikautazama ukuta. Mawe na chokaa, unene wa dhiraa,
Faki kaujenga kwa mikono yake.
Mwizi wa karafuu asingeupenya.
Kumbe kile kitu kinapita humo
kama harufu ya mchuzi wa pweza,
na anayekifuata ndani hapigi hodi.
Hawakunichukua. Walichukua jina langu,
wakaondoka nalo ndani ya daftari.

Usiku ule Zuwena kaniweka kitako.
Liwe refu, bibi. Lisiwe namba yako ya simu,
lisiwe Mbarouk. Liwe lako wewe tu.
Nikaandika jina alilokuwa akiniita Faki
tukiwa wawili, taa imezimwa,
na pishi tulizochuma mwaka wa harusi.
Herufi kwa herufi, kidole kinatetemeka.
Zuwena kageukia ukutani bila kuambiwa,
kama unavyompisha mtu avae nguo.

Kesho yake barazani waliinua simu juu,
wakazitikisa, wakatazamana, wakaondoka.
Ijumaa ilikuwa baraza ya paka.
Nikafagia vipande vya kashata.
Nilijua sasa walikuwa wageni wa nani.

Jumatano, hodi.
Shaame, mtoto wa fundi cherehani,
na fomu ya chuo, mwisho wake saa sita usiku.
Karibu, nikasema, pita ndani.
Zuwena kamfungulia kijia cha wageni,
kina neno lake, linakufa asubuhi.
Akakaa kitini. Akanywa kahawa, akanitazama usoni.

Alipoandika, nilivitazama vidole vyake.
Ni hivi vilivyomwandikia mama wa Konde?
Pengine sivyo. Kijana ana adabu.
Lakini mlango uliolala wazi mwaka mzima
haukuambii nani kapita.
Nikamwongeza kahawa.
Kisha nikakohoa, mara moja, kwa mazoea,
nikijua zamu hii ni yangu.