Nusu ya Pili

Mashine yangu hula umeme ukiwapo,
usipokuwapo nasugua kwa mkono:
msasa namba mia nne, kisha elfu moja,
kisha nta na kipande cha ngozi ya mbuzi.
Kucha zangu ni za kijani tangu mwaka nilioacha shule.
Mke wangu hunijua kwa kikohozi
kabla sijafika getini.

Jiwe hutoka upande wa Kolwezi ndani ya gunia la unga.
Mwenze hulileta usiku, hulitua polepole
kama mtu anayetua mtoto aliyelala,
tunalipima kwa mizani ya maharagwe, tunagombana, tunalipana.
Kwa nje halina sura. Tope, kutu, ini la ng'ombe.
Nalimwagia maji, nalipasua,
na ndani ni duara ndani ya duara,
kijani cha mchicha, kijani cha chupa, kijani kinachokaribia usiku.
Miaka kumi na tisa, na bado hunyamaza kidogo
kabla ya kuzima mashine.

Wateja hunisimulia dunia.
Mmoja aliketi hapa, juu ya kreti ya bia,
akanitajia Jaipur, vichochoro vya wakata zumaridi,
Bangkok, ambako rubi hushikwa kwa koleo dogo kama mdudu,
Anvers, almasi inavyohama mfuko kwa mfuko
kwa kushikana mikono tu.
"Na wewe, fundi, umefika wapi?"
"Kasumbalesa," nikasema. "Mpaka kwenye kizuizi.
Nilirudishwa kwa kukosa kadi ya chanjo."
Akacheka, akanunua tembo wawili wadogo
na kunipunja elfu tatu.

Kisha akaja Madamu Clotilde Mwewa,
viatu vyake vikiogopa mfereji,
na kidani kilichokatika kishikizo.
"Taratibu, fundi. Hicho si cha hapa.
Nimekinunua Istanbul, soko lile lenye paa.
Nina mpaka karatasi yake."
Karatasi ilikuwa nene kuliko cheti changu cha ndoa.

Nikakigeuza kwenye mwanga.
Duara saba. Ya nne imekatika upande mmoja,
kama barabara iliyoliwa na mvua.

Barabara hiyo naijua.
Niliikata mwenyewe, wiki ile Divine alipolala na malaria
na muuguzi akataka pesa kabla ya serumu.
Nusu niliiuza ikiwa ghafi, bila hata kuing'arisha,
kwa mtu wa miwani ambaye hakushuka garini.
Elfu arobaini. Serumu mbili, na nauli ya kurudi.
Nusu ya pili ilibaki kwenye kopo la maziwa,
pamoja na skrubu na funguo zisizo na kufuli.

Sikupanga kusema.
Mkono ndio uliofungua kopo.
Nikaweka nusu karibu na nusu, juu ya gazeti,
na mstari ukakuta mstari,
ya kwanza, ya pili, mpaka saba,
barabara ikafika ilikokuwa ikienda.

Madamu alitazama muda mrefu.
Jirani alikuwa akisonga bukari, mwiko ukigonga sufuria.
"Usimwambie mtu," akasema.
Baadaye, kwa sauti ya chini kuliko bei:
"Hiyo nyingine, shilingi ngapi?"
Shilingi! Neno la bibi yangu, hapa hatuna shilingi.
Hapo nikajua ametoka nyumba kama yetu.

Nikasema haiuzwi.
Sijui kwa nini. Kodi ilikuwa imebakiza siku tatu,
na angelipa, angelipa vizuri.
Nikafunga kishikizo kwa waya wa shaba,
nikamtoza franka elfu mbili, akaacha mia tano ya soda.

Usiku mke wangu aliuliza ametoa ngapi.
Nikamwambia.
Akauliza kwa nini ninacheka.
Nikakohoa.