Maji ya Kifuu

Simu ya Famau ilinikuta nikila mkate wa mofa.
"Shekuwe, ndoo! Mashine imekwama.
Nikiwasha yasema tak, kisha basi."
Umewasha mara ngapi?
Kimya. Huyo amewasha mara kumi.

Boti ya tanga, futi thelathini na mbili,
imefungwa Shela, tanga limekunjwa kama kanzu ya Ijumaa,
na chini ya ngazi, penye giza,
dizeli ya silinda mbili imeuma meno.

Nikachomoa kijiti cha oili.
Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa,
chai nzuri, ya kutiwa iliki.
Famau akageuza uso.

Hewa utaibana: itapungua,
itapata moto, itakubali.
Maji hayabanwi.
Ya kifuu kimoja tu, juu ya pistoni,
husimama kama ukuta wa matumbawe
na chuma ndicho kitakachopinda.
Usiguse swichi, nikamwambia. Leo ni mkono.

Nikafungua nozeli ya kwanza, kisha ya pili
(ya pili iligoma; niliitukana, nikaiomba radhi),
nikatia spana kwenye nati ya mbele,
nikazungusha. Robo. Robo.
Mpaka bahari ikanitemea usoni.
Famau akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri.
Tena. Tena.
Ikawa mate, ikawa mvuke, ikawa pumzi.

Mwizi tulimpata nyuma, juu ya bomba la moshi:
valvu isiyozidi kidole gumba,
kazi yake kuvuta hewa, maji yasirudi kinyumenyume.
Chumvi imeiziba punje kwa punje,
miaka mitatu hakuna aliyeipuliza.
"Hii?"
Hiyo.

Oili ya kwanza tuliimwaga nyeupe,
ya pili ya kijivu.
Ya tatu niliitazama juani, ndani ya chupa ya asali,
nisiseme kitu.
Ikaadhiniwa adhuhuri. Tukaenda, tukarudi mbio,
maana chumvi ndani ya chuma haiendi kuswali.

Alipowasha ilikohoa moshi mweupe,
punda wawili wa gatini wakaruka,
ikakohoa tena,
ikashika.
Famau aliniinamia sikioni, akasema maneno marefu.
Sikusikia hata moja. Nilikuwa nikiisikiliza mashine.

Nilirudi na ile valvu mfukoni.
Na kabla ya kunawa, kabla ya kula,
nilitia oili bawaba ya mlango wa ukumbini
ambayo Mwanajaa amekuwa akinitajia
tangu mwezi wa Rajabu.