Boga Lililojiotea

Sechelela, umeikosa Pasaka ya Handali.
Nakuandikia Jumatatu, mikono bado inanuka vitunguu,
wageni wamekwisha kuondoka
na mama kalala mchana.
Mama! Kalala mchana.

Jumamosi basi lilitutupa njia panda,
tukakata katikati ya uwele uliotupita kimo,
watoto wa Yeremia wakipiga madebe, wakiwafokea kwelea kwelea:
"Nendeni Kongwa! Kongwa mtama umeiva!"
Mwaka huu mvua haikutucheza shere.
Ilinyesha, ikakoma, ikajuta, ikarudi.
Kunde zimepanda hadi paa la tembe la bibi
na matango yamelala njiani kama walevi.

Bustani unaijua, hatua ishirini kwa kumi na mbili,
ua wa miiba, mlango wa bati la debe:
figiri, bamia, nyanya chungu,
na ule mzabibu wa baba
uliokataa kuzaa akiwa hai.
Nilichungulia kila jani. Nilidhani labda,
kwa vile ni Pasaka.
Wapi. Mti una msimamo.

Shemeji Hezroni alileta jogoo wa mjini,
mweupe, miguu ya manjano, hajawahi kukanyaga udongo.
Kengele ya kwanza ilipolia akakata kamba
akaingia kwenye tuta la figiri, akaliparua lote.
Hezroni nyuma yake na viatu vya kanisani,
Biblia kwapani, "Wewe! Wewe!"
Mama mlangoni, anafunga kilemba:
"Mwache awike kwanza. Petro hajatubu."

Kanisani kina mama walipiga ngoma hadi vumbi likapanda madhabahuni.
Mchungaji akasema kaburi li wazi,
watu wakaitikia,
nami nikalikumbuka la baba.
Tuliliziba vizuri, mifuko mitatu ya saruji.
Risiti ninayo mimi.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama hakukwambia kwenye simu.
Nyuma ya jiko, pale tulipokoka moto mwezi wa nane,
mafiga makubwa ya msiba bado yapo,
hakuna aliyeyaondoa.
Mvua ya kwanza ikaotesha kitu katika majivu.
Kikatambaa, kikalipanda figa moja, kikashuka,
kikazaa boga. Moja tu,
lakini boga la kukaliwa na wajukuu wawili.
Nani kalipanda? Mama anasema hakuna.
Mimi namjua.
Usiku ule wa tatu ulioshea sufuria palepale,
ukamwaga maji na makapi na mbegu,
ukasema mgongo unakuuma, ukaenda kulala.

Tangu mwezi wa pili mama hataki liguswe.
Analizunguka na ufagio, analifunika jua likiwa kali.
Jana, ubwabwa umeiva, mbuzi yuko mezani,
Ndahani yule mdogo akamvuta kanga:
"Bibi, boga hili la nani?"
Kimya. Hata Hezroni aliacha kutafuna.
"La msiba," mama akasema.
"Msiba yuko wapi?"
"Amekwenda."
"Basi tule."

Sechelela, mama alicheka.
Alicheka mpaka akashika nguzo,
kisha akaomba panga, akalipasua mwenyewe,
na ndani lilikuwa la rangi ambayo sina jina lake,
karibu na moto, lakini baridi.
Tulilipika kwa karanga za kutwanga
katika sufuria ileile, ndiyo, ile yenye sikio moja.

Mbegu amezipaka majivu, zinakauka juu ya ungo.
Kumi na mbili ni zako,
nitazifunga kwenye karatasi ya kalenda ya mwaka jana
nimpe dereva wa basi la Mwanza.
Anasema usizipange kwa mistari.
Zimwage tu mahali utakapochokea.

Jogoo? Hatukumchinja.
Alirukia paa la tembe, na nani alikuwa na nafasi.
Yuko huko juu, kwenye kunde,
anawika saa tisa mchana
kama mtu aliyechelewa kupata habari.