Ramani ya Nyumba ya Mama

Nilikinunua Riga, siku ya mshahara,
nikakipakata kwenye basi hadi Liepaja
saa tatu na nusu, kama keki ya harusi.
Mji ule haufagiliki.
Mchanga wa ufukweni hupanda ngazi bila hodi,
hulala viatuni, kwenye mikunjo ya mapazia,
na mama ana magoti mawili yaliyostaafu kabla yake.

"Nini hiki?"
"Ufagio."
"Mpini wake uko wapi?"

Nikamwonyesha: mgongoni, kijicho kinachozunguka
kikirusha mwale wa leza usioonekana;
mwale hugonga ukuta, hurudi, kidude kikahesabu:
hapa kabati, hapa mlango, hapa mguu wa meza.
Ubavuni, brashi ya mikono mitatu
huchokoa vumbi la pembeni kama mtu achokoaye meno.
Tumboni rola, na nyuma yake pumzi ya kuvuta,
na kisanduku cha taka kisichozidi bakuli la uji.
Chini kuna vihisi visivyotazama ila sakafu;
vikifika ngazini vikakosa sakafu, kidude hurudi nyuma.
"Kumbe kina akili kumshinda Ilmars," akasema mama,
maana kaka yangu aliporomoka ngazi hizohizo
siku ya harusi yake.

Wiki ya kwanza alikifagilia njia.
Kweli: alifagia kabla hakijafagia,
mgeni asije akaikuta nyumba chafu.
Nikamkanya kwa simu. Kesho yake akapiga mwenyewe:
"Kimetoa mchanga nusu bakuli.
Mimi nilikuwa nafagia nini miaka yote hii?"

Kikichoka hujirudia chenyewe kwenye chaji,
taa yake ya kijani ikipumua polepole,
na kikishiba umeme hukumbuka kilipoachia.
(Mimi nikiacha kazi katikati, ndiyo imekwisha hiyo.)

Nami huku Riga, saa nne asubuhi, napata ramani kwenye simu.
Sikukinunua kwa ajili hiyo, naapa.
Lakini naona: kiti kimesogea dirishani,
basi theluji imeanguka, na yeye aliitazama.
Mlango wa bafu umefungwa. Ndoo iko ukumbini.
Namsoma mama
kwa mahali ambapo kidude hakikuweza kupita.

Jumatano moja ya Februari, ukumbini, kizuizi kipya:
kirefu, chembamba, urefu wa mtu.
Nikapiga. Kimya. Nikapiga.
Nikampigia Bi Fanija wa ghorofa ya chini,
na kabla hajamaliza kuvaa viatu
mama akapokea, anahema:
"Viazi. Magunia mawili, nimeyalaza. Kwani nini?"

Sikumwambia kwani nini.

Mwezi uliopita kilinasa chini ya meza ya chakula,
kimemeza kishada cha zulia,
kinaomba msaada kwa Kilatvia safi, sauti ya mtangazaji.
Mama akatambaa na mkasi, magoti na yote,
akakata, akakifungua koo,
na alipogeuka chali apumue
akauona upande wa meza ambao hajawahi kuuona:
penseli ya baba. Sentimita. Jumla aliyoikosea, akaipiga mstari.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
"Zenta anataka miguu mifupi zaidi. Sawa."

Miaka arobaini na mmoja amekula supu juu ya maneno hayo.

"Hii ramani yako," akaniuliza, "inaonyesha na haya?"
Hapana, mama. Kidude hakijui kutazama juu.
"Basi usikiwashe kwanza," akasema.
"Bado niko huku chini."